Ben Alikufa Mara Mbili

Mashabiki wa filamu za kutisha tunajua kulalamika. Tukisikia tu kwamba filamu fulani inatengenezwa upya, tunaanza: wameishiwa hadithi, wanatafuta hela, waiache ya zamani ipumzike. Mimi mwenyewe nimo. Lakini lalamiko hili ni la ajabu kwa watu tuliokulia kwenye "paukwa, pakawa". Tunajua kwamba hadithi haichakai kwa kusimuliwa tena. Cha kuuliza ni hiki: msimulizi wa pili alisikia nini katika ile ya kwanza?

Tazama Night of the Living Dead ya George Romero, iliyotoka mwaka 1968. Watu saba wamejificha katika nyumba moja ya shamba, Pennsylvania, wakati nje wafu wamefufuka na wanakula watu. Mwenye akili ya kuongoza ni Ben, mtu mweusi, aliyeigizwa na Duane Jones. Ben anauvuka usiku mzima akiwa hai. Asubuhi, kikosi cha wazungu wenye bunduki kinamwona dirishani, wanamdhania ni mfu, wanampiga risasi ya kichwa. Kisha zinafuata picha za mnato: maiti yake, kulabu, moto. Ulikuwa ni mwaka uleule aliouawa Martin Luther King. Picha zile hazikuhitaji maelezo.

Ben huyo hakutoka kwenye mswada peke yake. Alipangwa kuwa dereva wa lori, mtu mkali asiye na elimu. Jones, msomi wa fasihi na mtu wa jukwaani, ndiye aliyeyabadilisha maneno yake hadi akawa mtulivu anayepima jambo kabla ya kusema. Baadaye alieleza kwamba alikitetea pia kifo kile: baada ya yote yaliyotokea, watazamaji weusi wangeona afadhali afe kuliko aokolewe kwa namna ya uongo.

Mwaka 1990 Tom Savini aliitengeneza upya, kwa mswada wa Romero. Sababu mojawapo ilikuwa fedha. Filamu ya kwanza ilibadilishwa jina kabla ya kutoka na tangazo la hakimiliki likaachwa nje, kwa hiyo yeyote aliweza kuionyesha bila kulipa. Savini alirekebisha jambo moja la maana. Barbara, ambaye mwaka 1968 alikaa kwenye kochi akiwa ameduwaa, safari hii anashika bunduki na kutoka akiwa hai. Patricia Tallman anamwigiza vizuri sana.

Lakini Ben, sasa ni Tony Todd, anafia ndani ya nyumba kwa majeraha. Risasi ya wawindaji inapomfikia, tayari ameamka akiwa mmoja wa wafu. Kwa hiyo hakuna aliyemkosea. Ni kweli kwamba Savini anawaonyesha wawindaji wakiwaning'iniza wafu mtini na kuwalenga kwa mchezo, na Barbara anawatazama kwa karaha. Aibu ipo, ila imegeuzwa kuwa ya binadamu wote, na aibu ya wote haimchomi yeyote. Savini alimsikia Barbara. Ben hakumsikia.

Ndiyo maana sioni haya kupenda waigizaji wa filamu hizi. Marekani kuna makongamano ambako mashabiki hupanga foleni na kulipia saini na picha. Wengine huwacheka, eti wanamtafuta mtu asiyekuwepo. Jones mwenyewe hakupenda kujulikana kwa Ben tu. Alifundisha, akaongoza tamthilia, akafariki mwaka 1988. Todd alipita njia nyingine. Baada ya Candyman ya 1992, ambamo mkataba wake ulimlipa dola 1,000 kwa kila mara aliyoumwa na nyuki, aliendelea kukutana na mashabiki kwa miaka mingi hadi alipofariki mwaka 2024. Ningebahatika kufika mbele ya meza yake, nisingemwomba aseme maneno ya Candyman. Ningemuuliza: ulipopewa nafasi ya Ben, ulibishana na mswada mahali gani?

Candyman ya Nia DaCosta, ya 2021, naona inalijua swali hilo. Inamgeuza Candyman kuwa wanaume weusi wengi waliouawa kwa nyakati tofauti, kila mmoja na kisa chake. Mwishoni, kwa sekunde chache, uso unaotokea ni wa Todd. Baadhi ya mashabiki walilalamika kwamba alipewa muda mfupi mno. Nawaelewa. Ila DaCosta alikubali kwamba sehemu ya hadithi ile iliandikwa na mwili wa mwigizaji, na hakujifanya ameirithi bila mwenyewe.

Siku hizi, filamu mpya ya hadithi ya zamani ikitangazwa, sikimbilii kulalamika. Natafuta kwanza nani anaigiza, na kama ameachiwa nafasi ya kubisha.