Dawa ya Kunolea Wembe

Wembe wa kukunja, ule unaolala ndani ya mpini wake, hutengenezewa makali kwenye jiwe na hutunzwa kwenye ukanda wa ngozi. Katikati ya jiwe na ngozi kuna dawa ya kunolea. Haitajwi sana, lakini ustadi wa mtunza wembe huonekana hapo kuliko mahali pengine popote.

Mafundi wa Solingen, Ujerumani, na wa Sheffield, Uingereza, waliurahisishia mkono kazi moja ngumu. Wembe ukilazwa juu ya ngozi, mgongo na makali hugusa kwa pamoja, kwa hiyo pembe ya kunolea imeshapangwa na unene wa mgongo wenyewe. Mnoaji habahatishi pembe. Kilichobaki kwake ni kutouinua mgongo, na jambo hilo dogo huchukua muda mrefu kuzoeleka.

Makali hayo huchakaa kwa unywele. Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walichapisha katika jarida la Science matokeo ya kutazama nyembe kwa hadubini zinaponyoa. Chuma ni kigumu kuliko unywele mara 50 hivi, lakini unywele ukikutana na ukingo wa wembe mahali penye udhaifu, chuma kinamegeka. Ongeza maji na kutu isiyoonekana kwa macho, utaelewa kwa nini makali ya jana si ya leo.

Ngozi tupu hupangusa na kunyoosha ukingo, na inatosha kwa siku nyingi. Halafu inafika asubuhi ndevu zinavutwa badala ya kukatwa. Hapo ndipo dawa inapohitajika, kwa sababu dawa inakula chuma. Ya kijani ni oksidi ya kromu, aghalabu yenye chembe za nusu mikroni. Unywele wa kawaida una unene wa mikroni 70 hivi, kwa hiyo chembe zaidi ya 100 zingepangana kuuvuka upana wake. Hata kwa udogo huo, chembe hizo ni ngumu kuliko chuma cha wembe. Nyekundu ni oksidi ya chuma, laini zaidi, ya kung'arisha. Ya almasi hukata kwa kasi kuliko zote, na kwa mtu anayenyoa nyumbani naona kasi hiyo haina faida. Kijani inamtosha.

Dawa nyingi huuzwa kama kijiti cha nta. Fundi huchora mistari michache juu ya ngozi, kisha huisugua kwa kiganja mpaka joto la mkono liilainishe na iingie ndani. Inayobaki juu ni rangi hafifu tu. Utando mnene hauongezi ukali. Chembe hujirundika na kuuburuza ukingo ovyo.

Kisha wembe unalazwa na kuvutwa, mgongo ukitangulia na makali yakifuata nyuma. Mwishoni mwa ukanda, wembe unageuzwa juu ya mgongo, kamwe si juu ya makali, na unarudi. Ukanda umevutwa ukakazika, mkono haukandamizi. Uzito wa wembe wenyewe ndio unaofanya kazi. Baada ya mizunguko michache, juu ya ile kijani hutokea michirizi ya kijivu kama moshi. Hicho ni chuma kilichotoka kwenye ukingo. Inapendeza kuiona, na hapo ndipo mtu anayejua kazi yake anaposimama. Mizunguko kumi inatosha. Anapangusa wembe, anahamia ngozi safi, kisha anaujaribu kwa kuugusisha unywele mmoja uliosimamishwa kati ya vidole.

Ngozi safi na ngozi yenye dawa hazichanganywi. Chembe kubwa ikishaingia kwenye ngozi haitoki, na itauchana ukingo kila siku. Ndiyo maana wengi hupaka dawa kwenye kipande cha ngozi cha pembeni kilichogundishwa kwenye ubao.

Biashara ya vitu hivi ni ya zamani. Katika miaka ya 1790, George Packwood wa London aliuza kanda na dawa yake kwa matangazo ya mashairi na mazungumzo ya kuchekesha magazetini, na mwaka 1796 aliyakusanya kuwa kitabu, Packwood's Whim.

Hata hivyo dawa ina kikomo. Ngozi hubonyea chini ya wembe na kuukumbatia ukingo, na kila mara chembe zinauviringisha kidogo. Miezi ikipita, ukingo unakuwa mnene kiasi kwamba mizunguko ya ziada haisaidii tena. Hapo inabidi kurudi kwenye jiwe, pengine lile la manjano la milima ya Ardennes, Ubelgiji, ambalo hukata kwa chembe za ganeti zilizomo ndani yake, na kuunyoosha upya ukingo wote, kuanzia kisiginoni hadi nchani.