Kabla ya Kumwita Fundi: Kuigeuza HiAce Kuukuu Kuwa Karakana

Tarehe 1 Februari 2004, kanuni za Waziri wa Uchukuzi John Michuki zilipoanza kutekelezwa, mafundi wa Kenya walipata kazi ambayo hakuna kiwanda kilichokuwa kimewachorea. Matatu za Nissan na HiAce zilizokuwa zikipakia abiria 18 zilitakiwa kubaki na viti 14. Kila kiti kiwe na mkanda, gari liwe na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa na mstari wa manjano ubavuni. Mabenchi yaling'olewa, viti vikachomelewa upya, sakafu zikatobolewa kutoka Mombasa hadi Malaba.

Kazi ile ingali somo bora kwa yeyote anayetaka kubadilisha gari kuukuu. Kwa macho, viti vyote vilifanana. Tofauti ilikuwa chini ya sakafu. Abiria wa kilo 70 anaposimamishwa ghafla kwa nguvu mara 20 ya uzito wake, mkanda huvutwa kana kwamba umefungiwa mzigo wa kilo 1,400. Bolti iliyopita kwenye bati pekee hung'oka na kipande cha sakafu. Iliyopitishwa kwenye boriti, au kwenye bamba nene la chuma lililowekwa upande wa chini, hutawanya nguvu hiyo na kushika. Aliyepanga aliijua tofauti hiyo kabla ya kushika drili.

Leo HiAce za toleo la 2004, zile tunazoziita boksi, zimeanza kuchoka na kuondoka barabarani. Nyingine zinauzwa kwa bei ambayo kikundi cha vijana wanne au watano kinaweza kuchangia. Tuchukue mpango mmoja usio wa kawaida: boksi ligeuzwe karakana inayotembea, ya kutengeneza vinu vya posho, pampu za maji na majembe ya trekta, ikitoka Kitale kupitia Kiminini na Kamukuywa, ikashukia Kimilili na Chwele hadi Bungoma. Eneo hili linaishi kwa mahindi. Kinu kikiharibika msimu wa mavuno, kukibeba hadi mjini ni gharama na siku iliyopotea. Fundi akikifuata kilipo, kazi inalipa.

Wengi huanza mpango kama huu kwa rangi na jina la ubavuni. Mimi nasema uanze kwa mizani.

Orodhesha kila kitakachoingia na uzito wake. Kwa makadirio: jenereta kilo 80, meza ya chuma 60, jiliwa 25, kompresa 40, betri mbili 60, maji lita 50 ambayo ni kilo 50, spana na vifaa vidogo 100, keria na ngazi 50, mafundi watatu 210. Jumla ni kilo 675, na bado hujaweka chuma cha kuchomelea wala kinu ulichokubali kukibeba. Kisha fungua logbook usome uzito wa gari tupu na mzigo ambao linaruhusiwa kubeba. Uzito halisi wa gari kuukuu huwa umebadilika kwa viraka na viti vya miaka mingi, kwa hiyo lipeleke kwenye mizani ya malori. Lipime lote, halafu ekseli ya mbele peke yake, kisha ya nyuma. Tarakimu hizo tatu ndizo msingi wa kila uamuzi unaofuata.

Baada ya uzito huja mahali pa kuuweka. Boksi fupi lina mita 2.57 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Ukiitundika jenereta ya kilo 80 nyuma ya mlango wa buti, mita moja kupita ekseli, ekseli ya nyuma haiongezewi kilo 80. Inaongezewa kilo 111, na ya mbele inapunguziwa 31. Usukani unakuwa mwepesi na magurudumu ya mbele yanapoteza mshiko, hasa kwenye murram iliyolowa. Jenereta hiyo hiyo ukiiweka katikati ya ekseli mbili, zinagawana mzigo nusu kwa nusu.

Kuna pia suala la kulia na kushoto. Dereva wetu anakaa kulia, na mlango wa pembeni uko kushoto. Meza, makabati na jiliwa hukimbilia ukuta wa kulia kwa sababu hauna mlango. Matokeo yake gari linalalia upande mmoja, na kwenye barabara yenye mgongo linazidi kuinama.

Na kuna moshi. Jenereta ikiunguruma ndani ya gari hujaza kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua bila onyo. Lazima ifanye kazi ikiwa nje.

Matatizo haya matatu yana jibu moja. Jenereta ikae kwenye reli ya kuvuta, sakafuni, mlangoni pa kushoto, nyuma tu ya viti vya mbele. Hapo iko karibu na katikati ya ekseli mbili, inasawazisha uzito wa dereva na meza, na ikivutwa nje hutoa moshi wake upande wa kando ya barabara, mbali na magari yanayopita. Reli hiyo ifungwe kwenye mabamba yale yale tuliyojifunza kwenye viti vya matatu, maana kilo 80 katika ajali huvuta kama kilo 1,600 zikielekea kisogoni mwa dereva.

Nyuma ikishuka, mafundi wengi watakushauri uongeze jani la springi. Uwe mwangalifu. Springi nene hunyanyua bodi, lakini haiongezi nguvu ya ekseli, beringi, breki wala tairi. Zaidi ya hapo, HiAce nyingi zisizo na ABS zina vali inayopima jinsi gari lilivyoshuka nyuma ili kugawa nguvu ya breki. Ukilinyanyua kwa springi, vali hudhani gari ni tupu na kupunguza breki za nyuma wakati unazihitaji zaidi. Springi zikibadilishwa, vali irekebishwe siku hiyo hiyo.

Sasa tuje kwenye mifupa ya gari. HiAce haina chasi ya kujitegemea kama lori. Bodi lenyewe ndilo linalobeba. Dirisha la kuhudumia wateja likatwe kati ya nguzo mbili, kamwe lisikate nguzo. Kila ukingo uliokatwa utiwe fremu ya chuma na upakwe dawa ya kutu kabla ya rangi, kwa kuwa mvua za Mlima Elgon hazisamehi bati lililo uchi. Kabla ya kuchomelea, toa waya za betri na ufunge waya wa ardhi karibu kabisa na mahali pa kazi.

Kuhusu umeme, mashine ya kuchomelea itumie jenereta. Betri ziachiwe taa, simu na drili. Invata ya wati 1,000 kwenye volti 12 huvuta zaidi ya ampea 83, kwa hiyo inahitaji waya mnene, mfupi, wenye fyuzi karibu na betri. Waya mwembamba wa redio utawaka moto.

Usisahau mlima. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa huko liko chini kwa takriban moja ya tano likilinganishwa na Mombasa. Dizeli kuukuu isiyo na tabo hukosa hewa hiyo. Bungoma iko chini kwa mita mia kadhaa, hivyo safari ya kurudi jioni, gari likiwa na kinu cha mteja, ndiyo ya kupanda. Kadiria mzigo wako kwa safari hiyo.

Mwisho ni makaratasi. Aina ya bodi na idadi ya abiria zimeandikwa kwenye logbook. Zikibadilika, Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA) ijulishwe, gari likaguliwe, na kampuni ya bima ielezwe kwa maandishi kazi mpya ya gari. Peleka mchoro na hesabu ya uzito kwa mkaguzi kabla ya kukata bati; kufuta mstari wa kalamu hakugharimu chochote.

Hukumu yangu ni hii: boksi la zamani linafaa kabisa kuwa karakana, ikiwa mwenye gari atakubali mizani imwambie hapana. Mafundi wa Kitale na Bungoma wana mikono ya kazi hii tangu zamani. Wapeni mchoro wenye vipimo, kisha muwaulize rangi.