Mngurumo wa Kipimo cha Nane

Sonata ya mwisho ya Franz Schubert, ile ya B-flati meja yenye namba D. 960, inaanza kwa mpangilio wa kwaya: akodi zilizoshikana, sauti ya chini sana, wimbo unaotembea hatua fupi fupi bila kwenda mbali na do. Vipimo saba vinapita kwa utulivu. Katika kipimo cha nane, chini kabisa upande wa besi, vidole viwili vya mkono wa kushoto vinaanza kupokezana upesi juu ya noti mbili jirani, G-flati na A-flati. Wapiga piano huiita trili. Inanguruma kidogo, inazima, kisha kimya.

Mwanakwaya aliyezoea do-re-mi ataipata noti hiyo bila shida. Do ikiwa B-flati, G-flati iko nusu hatua juu ya sol, mahali ambapo ngazi ya meja haina kitu. Ni mgeni aliyepiga hodi asijitaje jina.

Schubert alikamilisha sonata hii Vienna mwezi Septemba 1828, pamoja na nyingine mbili, akafariki tarehe 19 Novemba akiwa na umri wa miaka 31. Ndiyo maana wengi husikia mauti katika ile trili. Siwalaumu, ila naona tafsiri hiyo inatuchosha mapema, maana ukishasema "mauti" huna tena sababu ya kusikiliza noti yenyewe inakwenda wapi.

Nayo inakwenda mbali. Baada ya wimbo kurudi na trili kusikika tena, besi inatelemkia G-flati na kukaa hapo, na wimbo uleule unaimbwa upya, G-flati sasa ikiwa ndiyo do. Kilichokuwa kelele ya chini kimekuwa makao. Baadaye, pale ambapo desturi ya sonata ingemtaka mtunzi aingie F, yaani sol, na kuleta wimbo wa pili, Schubert anauleta katika F-sharpi maina. Jina ni jipya, lakini kwenye piano F-sharpi na G-flati ni kibao kimoja cheusi. Amegeuza meja kuwa maina juu ya noti ileile, na uso wa muziki unakunjamana. F yenyewe inafikiwa kwa kuchelewa sana, na kuchelewa huko ndiko kunakoipa sehemu hii ya kwanza ya sonata hali yake ya kuwaza. Nilichojifunza kuheshimu hapa ni jinsi huzuni na umbo vilivyofumwa kwa uzi mmoja.

Kuna mabishano ya muda mrefu kuhusu vipimo vichache vya kuunganisha, vinavyosikika tu iwapo mpiga piano atarudia theluthi ya kwanza ya sehemu hii. Alfred Brendel aliviacha. Sviatoslav Richter alivipiga, na kwa mwendo wake wa polepole sehemu hii peke yake ilizidi dakika 20. Mimi niko upande wa Richter, kwa sababu humo ndimo trili inapolipuka kwa nguvu zote, mara hiyo moja tu. Ukiviruka, mgeni hapandishi sauti hata siku moja.

Sehemu ya pili iko C-sharpi maina. Mkono wa kulia unaimba taratibu katikati ya piano, na wa kushoto unagusa besi, unaruka juu ya mwenzake, unagusa noti za juu, unarudi. Hivyo hivyo, kipimo baada ya kipimo. Karibu na mwisho muziki unateleza ghafla hadi C meja, pasipo onyo, na chumba kizima kinaonekana kupata mwanga. Sehemu ya tatu, skezo, ni nyepesi na ya kupendeza, haihitaji mengi.

Sehemu ya mwisho inafunguliwa na G tupu, oktavu bila akodi, kisha wimbo wa kuchezacheza unaojifanya uko C maina kabla ya kujirekebisha. G hiyo hurudi kila mara, kama ilivyo. Lakini kuelekea mwisho oktavu inashuka nusu hatua: G-flati. Inasita. Inashuka tena, F, kisha mwendo unageuka kuwa wa kasi na B-flati meja inafunga kwa kishindo.