Ngoma ya Mtemi Ina Nyumba, Jembe la Mkulima Je?

Wahakiki wetu wamezoea vitabu. Mtu akitoa diwani, tunamrukia. Akitoa riwaya, tunauliza wahusika wake wamechorwaje. Lakini yapo masimulizi mengine yasiyo na kurasa, yanayotuambia sisi ni nani na tumetoka wapi, na hakuna anayeyauliza swali hata moja. Nazungumzia kamati na nyumba za makumbusho zinazotunza mambo ya kale ya mahali. Watu huingia, hutazama, husema "aisee, wazee walikuwa na mambo", kisha hutoka. Mimi naona nazo zinastahili tahakiki. Kwa hiyo leo naichukua kazi ya Bujora, na nitaipima kwa mizani ile ile tuliyopewa sekondari: fani na maudhui.

Kwa asiyepajua, Bujora iko Kisesa, mwendo wa kilomita kama 20 kutoka Mwanza mjini ukishika barabara ya Musoma. Miaka ya 1950 Padri David Clement, mwenyeji wa Quebec huko Kanada, mmoja wa wale tunaowaita Mapadri Weupe, alikaa na wazee wa Kisukuma wakaunda kamati ya utafiti. Wasukuma walimjua pia kwa jina la Fumbuka. Kazi ya kamati ilikuwa kukusanya vitu vya kale na kuuliza kila kitu kinaitwaje na kilitumikaje. Mwaka 1968 Makumbusho ya Wasukuma yakafunguliwa.

Zitazame tarehe hizo vizuri. Katikati yake kuna mwaka 1963, ambapo sheria ya Tanganyika huru ilifuta mamlaka ya machifu. Siku hiyo ngoma ya mtemi ilikosa mwenyewe. Kiti chake kikawa kiti tu, na kiti cha zamani chenye nakshi hakikosi mteja kutoka mbali. Hivi vitu vya namna hiyo vingekwenda wapi? Vingine vingeoza darini, vingine vingeuzwa kimyakimya. Kamati haikupigania utawala urudi. Ilisema tu kwamba utawala umekwisha, lakini kumbukumbu yake isiishe nao. Huo ni uamuzi wa watu wenye akili, na ninausifu bila kigugumizi.

Tukija kwenye fani, Bujora imefaulu kuliko riwaya nyingi nilizosoma. Banda la watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi, maana yake hata kabla hujaingia, jengo limeshaanza kusimulia. Kanisa nalo limefuata nyumba ya msonge ya Kisukuma. Mjenzi hakuchukua sanduku la kizungu akalijaza vitu vya Kiafrika. Alitafuta umbo ndani ya maisha yenyewe. Sisi waandishi chipukizi tunahitaji somo hilo. Mara ngapi tunaazima umbo la hadithi kutoka sinema, halafu tunatia majina ya kwetu tukidhani tumeandika ya kwetu?

Tena Bujora haikukubali kuwa nyumba ya kimya. Kila mwaka, karibu na sikukuu ya Ekaristi mwezi Juni, kuna Bulabo, mashindano ya ngoma. Hapo wanakutana Bagika na Bagalu, pande mbili za wachezaji ambazo uhasama wao ni wa tangu karne ya 19. Utaratibu wake wa asili una raha yake: makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi upande wake. Ndiyo maana kuna nyoka, kuna nungunungu, kuna vituko, kuna dawa, na kuna nyimbo za kumchoma mpinzani. Ngoma ya namna hii huwezi kuifungia kwenye kabati la kioo. Mchezaji wa leo lazima avute watazamaji wa leo, la sivyo watahamia ng'ambo. Kwa hiyo ya kale yanaishi kwa sababu bado yanashindaniwa.

Basi hiyo ni fani. Sasa maudhui, na hapa naomba tusioneane haya.

Wahusika wa simulizi hii ni akina nani? Fuata mpango wa majengo utawaona: mtemi na ngoma zake, manju na kundi lake, mhunzi na moto wake, mganga na nyumba ya mizimu. Wote ni watu wenye cheo au wenye siri ya kazi. Ni wahusika wakuu, wenye mng'aro. Mimi namtafuta yule asiye na cheo wala siri. Namtafuta mkulima wa pamba.

Maana huwezi kueleza Usukuma wa karne ya 20 bila pamba. Ni pamba iliyowaingiza watu kwenye vyama vya ushirika, hata mwaka 1955 likaundwa shirikisho la Victoria ambalo Paul Bomani alikuwa kiongozi wake. Mkulima aliyechoka kuibiwa kwenye mizani ndiye aliyejenga ushirika ule kwa mikono yake. Halafu miaka ya 1970 ikaja Operesheni Vijiji. Familia zikaacha miji yao yenye ua wa minyaa, zikaacha makaburi ya wazazi, zikapangwa kwenye mistari kando ya barabara. Hiyo nayo ni historia ya jamii, bwana. Iliwagusa watu wengi kuliko kiti cha mtemi yeyote.

Sisemi wazee wa kamati walimdharau mkulima. La hasha. Sababu naiona kwenye njia yenyewe ya kukusanya vitu. Kiti cha mtemi kilichongwa kwa mti mgumu, kikalindwa, kikarithiwa. Jembe la mkulima lilimwa mpaka likabaki kisigino, likatupwa. Nyumba ya nyasi ilianguka ikarudi udongo. Khanga ya mama ilichanika ikawa nepi ya mtoto, kisha tambara la kufutia sufuria. Ukikusanya vitu tu, utamkuta zaidi yule aliyekuwa na vitu. Maskini hupotea mara mbili: kwanza anakufa, halafu hakuna kilichobaki cha kumsemea.

Na wakubwa hawakosi wa kuwakumbuka. Mwaka 2021 tuliona mkoani Mwanza machifu wakikusanyika na kumsimika Rais Samia Suluhu Hassan kwa jina la Chifu Hangaya. Miaka karibu 60 baada ya ile sheria, heshima ya uchifu ilikuwa bado na jukwaa. Lakini ni nani aliyemsimika mpalilia pamba?

Jibu moja naliona ng'ambo ya maji, kisiwani Ukerewe. Aniceti Kitereza alimaliza mwaka 1945 riwaya yake kwa Kikerewe. Akakosa wa kuichapa, akazeeka nayo, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980 kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, na mwaka 1981 mzee akafariki. Kitereza alikuwa wa ukoo wa watawala. Angetaka angetuandikia sifa za wafalme. Badala yake alichagua mume na mke wa kawaida wanaokawia kupata mtoto. Tunaona mke anavyorudishwa kwao, mume anavyohangaika na pombe ya ndizi ya kuwaridhisha wakwe, watu wanavyosalimiana, wanavyolima, wanavyouguzana. Alichofanya mzee yule peke yake ni kazi ya kamati nzima.

Najua kuna watakaosema riwaya ni uongo na makumbusho ni kweli. Wengine watasema kitabu cha Kitereza kinachosha, kwamba kila mahali hadithi inasimama ili mila ielezwe. Hilo la pili nakubali. Kuna kurasa nimezisoma kwa kujilazimisha. Lakini kurasa hizo hizo ndizo zinazoniambia mke anamjibuje mumewe akiwa na hasira mbele ya mgeni. Hakuna kiti wala ngoma inayoweza kuniambia hayo.

Kwa nini nalishikilia sana jambo hili? Nina mswada wa riwaya. Mhusika wangu ni mwanamke aliyehamishwa na Operesheni mwaka 1974. Nikitaka kujua mtemi alivaa nini, nina pa kwenda. Nikitaka kujua mwanamke huyu alibeba nini kichwani asubuhi ile, na aliacha nini, sina banda la kuingia. Nina wazee tu. Na mtu aliyekuwa na miaka 20 mwaka ule, leo amepita 70. Hesabu hiyo inanikosesha usingizi kuliko kukosa mchapaji.

Kwa hiyo rai yangu ni hii. Kamati zetu za mambo ya kale, ya Bujora na za kwingineko, zikusanye maneno kwa bidii ile ile waliyokusanyia ngoma. Mzee aulizwe alilipwa nini kwa pamba, alikula nini wakati wa njaa, jirani yake alikuwa nani kabla ya kuhamishwa. Aandikwe kwa lugha yake kwanza, kisha kwa Kiswahili, maana riwaya ya Kitereza ilitufikia kwa Kiswahili, siyo kwa lugha aliyoiandikia mwanzo. Jina lake liwekwe, akiridhia.

Nasi vijana wa gazeti hili tusisubiri kualikwa. Tunajua kuandika, na daftari si ghali. Kila mmoja wetu aanze na mzee mmoja asiye na cheo, kabla ya msimu ujao wa kupanda.