Bahari ya Čiurlionis

Mikalojus Čiurlionis wa Lithuania (1875–1911) alitunga muziki, akachora pia. Baada ya kuimaliza tungo yake ya okestra iitwayo Bahari, mwaka 1907, alichora picha tatu akaziita Sonata ya Bahari, kana kwamba picha huweza kupigwa kama ala. Je, ni majivuno? Katika ya kwanza mawimbi madogo yarudiwa-rudiwa. Katika ya pili bahari yatulia, na chini ya maji mkono umeshika jahazi dogo. Katika ya tatu wimbi kuu lawainamia mashua. Mwanafunzi wa Malaba aliyesikiliza adeudeu, kinubi cha Wateso, ajua jinsi sauti ile ile irudiayo inavyozidi uzito. Hapo namsadiki Čiurlionis. Lakini picha ya pili, ikitengwa na nduguze, kwangu ni kitendawili tu.