Kipande cha fedha na msalaba wa shaba: maoni juu ya mchoro mmoja

Chama kilituletea karatasi moja tuitolee maoni, na tumekubali kuyaandika hapa kwa sababu jambo lenyewe linagusa mila zetu. Karatasi ni mchoro wa kijana mmoja wa Kamina, mwenye mkono mzuri kwelikweli. Anapendekeza tutengenezeshe vipande vya fedha safi, kila kimoja aunsi moja, yaani gramu 31 na kidogo, na wanachama wavitumie kati yao: kulipa mchango, kuuziana vitu, kuweka akiba. Benki isiingie humo.

Ndugu wasomaji, hatumcheki. Siye tulikuwa watoto wa shule ya msingi mwaka wa 1993, wakati noti ya zaire milioni tano ilipokataliwa na watu, kiisha ikaja zaire mpya, moja kwa milioni tatu za zamani. Jirani zetu wa Kasai waliikataa hiyo mpya na kuendelea na makaratasi yao ya zamani. Mwaka wa 1998 ikaja franka, moja kwa zaire mpya 100,000. Mtu aliyetumwa sokoni na furushi la noti, akarudi na sabuni nusu, anajua kwa nini kijana anataka kitu kizito mkononi. Tena lugha yenyewe inamsaidia: katika Kiswahili cha pwani fedha ni madini, na fedha ni pesa. Hapa kwetu batu banasema makuta, jina lililobaki kinywani hata baada ya zaire na makuta yake mia kufa.

Basi tuangalie mchoro. Upande wa kwanza kuna msalaba wa shaba wa Katanga, umezungukwa na mishale ya jua. Upande wa pili kuna uso wa Mbidi Kiluwe, amegeuka pembeni kama wafalme wa Ulaya kwenye sarafu zao, na kichwani, Mungu atusamehe, amevalishwa taji ya Kizungu. Chini kuna lukasa ndogo, ambayo shanga zake hazisomeki hata kwa miwani. Halafu jina la chama, mwaka, na tarakimu kubwa: 20. Ishirini ya nini, mchoro hausemi.

Ni kazi ya uangalifu, na ingependeza ukutani. Lakini inatuuzia sura ya msalaba bila kazi ya msalaba, na hapo ndipo tunapogombana nayo.

Msalaba ule haukuwa pambo lililobandikwa juu ya pesa. Wenyewe ulikuwa pesa. Hatuhitaji kwenda mbali kuona. Makaburi ya Sanga, kandokando ya ziwa Kisale, katika jimbo letu hili hili, yalichimbuliwa mwaka wa 1957 na 1958, kiisha tena miaka ya 1970, na Pierre de Maret akaisoma kwa makini misalaba iliyotoka humo. Katika makaburi ya zamani, ya wakati ambao wataalamu wanauita Kisalian, misalaba ni michache na mikubwa, imewekwa kifuani mwa marehemu. Ni heshima ya mkubwa. Toka karne ya 14 inaongezeka, inapungua ukubwa, na vipimo vyake vinaanza kufanana. Sasa inalala karibu na mikono au kiuno, mara nyingine kwa mafungu, sawa na mtu aliyeondoka na akiba yake. Na kadiri tunavyokaribia karne ya 18 inakuwa midogo zaidi. Mingine haipiti sentimeta mbili.

Tunaomba msomaji asimame kidogo hapo. Kwa karne nyingi watu wa Upemba waliufanya msalaba mdogo, tena mdogo zaidi. Kwa nini? Maelezo ya de Maret ni kwamba kitu cha heshima kilikuwa kinageuka pesa ya kununulia vitu, na sisi tunaongeza tu kile ambacho kila mama wa soko anakijua: mtu hawezi kununua samaki kwa kitu ambacho hakigawanyiki. Ni kazi ya mafundi na wanunuzi pamoja, mkono kwa mkono, na matokeo yake ni pesa yenye akili kuliko nyingi zilizochapishwa baadaye.

Na shaba ile haikuchimbwa ziwani. Ilitoka kusini, mamia ya kilomita, kwenye nchi ya malachite. Kule kazi ya tanuru waliiita kula mukuba, kula shaba. Askofu Jean-Félix de Hemptinne aliandika juu ya hao walaji shaba mwaka wa 1926. Ilikuwa kazi ya kiangazi, baada ya mavuno: tanuru la udongo wa kichuguu, makaa, mivukuto, bwana wa tanuru mwenye siri zake, na kalibu ambamo shaba ilimwagwa. Wakubwa walidai sehemu yao, na Msiri wa Bunkeya, aliyeuawa mwaka wa 1891, aliishika biashara hiyo kwa nguvu. Misalaba ya wakati wake ilikuwa mikubwa tena, karibu kilo moja mingine, kwa sababu ilikwenda na misafara. Hata hivyo haina uso wa Msiri. Haina jina wala tarakimu. Ukiushika unajua una shaba kiasi gani, na ukiuyeyusha shaba yako iko palepale.

Sasa tuje kwenye mfano mbaya, maana kijana wetu si wa kwanza kuuchora msalaba juu ya kitu cha mviringo. Serikali ya Moïse Tshombe, iliyotangaza kujitenga kwa Katanga tarehe 11 Julai 1960, iliweka misalaba mitatu kwenye bendera yake, na kwenye sarafu zake za mwaka wa 1961, za franka 1 na franka 5, iliweka ndizi upande mmoja na msalaba upande mwingine. Wakusanyaji wa sarafu duniani wanauita msalaba wa Baluba. Na ni mwaka gani huo? Ni mwaka ambao Baluba wa kaskazini, watu wa Jason Sendwe na Balubakat, walikuwa wakipigana na jandarmeri ya serikali hiyohiyo, na vijiji vyao vikichomwa. Wazee wa hapa hawahitaji kitabu juu ya hayo. Alama yao ilikuwa mfukoni mwa aliyekuwa akiwafukuza. Kuchora msalaba ni rahisi, na mtu yeyote anaweza kuutumia kusema lolote.

Mfano wa pili uko mbali lakini unafanana na karatasi yetu kabisa. Huko Marekani Bernard von NotHaus alianza mwaka wa 1998 kutoa vipande vyake vya fedha, akaviita Liberty Dollar. Fedha ilikuwa ya kweli. Lakini vilibeba neno dola, na kichwa cha mwanamke kinachofanana na sarafu za serikali, na tarakimu iliyopita bei ya madini yenyewe. Mwaka wa 2011 mahakama ilimkuta na hatia. Kwetu Katiba ya 2006 inaipa Benki Kuu ya Congo kazi ya kutoa pesa. Hiyo tarakimu 20 peke yake inaweza kutuletea taabu.

Tuache sheria, turudi sokoni. Katika mwaka wa 2025 aunsi moja ya fedha ilipita dola 40. Tulimwonyesha mchoro mama mmoja anayetuuzia unga, tukamweleza bei. Aliuangalia vizuri, akausifu uso wa mzee, kiisha akauliza: «Mwalimu, ukininunua meka moja na iyi, miye nitapata wapi ya kukurudishia?»

Tumemrudishia kijana karatasi yake, tukamwomba atoe uso, tarakimu na jina la chama, aseme wazi kwamba ni kipande cha madini tu, aweke shaba mahali pa fedha, na kwanza aende Lubumbashi, kwenye jumba la makumbusho, ashike ikiwezekana ile misalaba midogo. Kwa siku mbili alitununia. Siku ya tatu alikuja na kipande cha waya wa shaba uliochomwa na kupondwa, kirefu kama kucha, chenye mikono minne isiyolingana, akauliza kama tundu la kamba liwe katikati au kwenye mkono mmoja.