Kumpeleka Bibi Kliniki ya…

Katika darasa la uhakiki tunafundishwa kuuliza swali moja kabla ya mengine: matini hii inamfikiria msomaji gani? Tumezoea kuwauliza watunzi wa riwaya na tenzi. Mimi nataka kuiuliza kalenda, tena kalenda iliyo ndani ya kioo cha kujitazamia.

Kioo janja ninachokihakiki huendeshwa na MagicMirror², programu huria iliyoanzishwa na Mholanzi Michael Teeuw. Kioo chake cha kwanza alikitambulisha mwaka 2014, na toleo hili la pili likaja 2016. Skrini hukaa nyuma ya kioo kinachopitisha mwanga, kompyuta ndogo ya Raspberry Pi huiendesha, na maandishi meupe huelea juu ya sura yako. Saa, hali ya hewa, kalenda: kila kimoja ni moduli, na mipangilio ya zote hukaa katika faili moja.

Nyumbani kwetu Dar es Salaam kipo kimoja, kazi ya mdogo wangu anayesomea umeme. Kimetundikwa ukumbini ili kila mtu aone tarehe za kliniki za bibi. Bibi ana kliniki mbili, ya macho na ya sukari. Siku ya macho anahitaji mtu wa kumshika mkono wakati wa kurudi. Siku ya sukari anatakiwa atoke bila kula, apimwe damu kwanza. Ukizichanganya siku hizo, unamkorogea uji asubuhi ambayo hakutakiwa kunywa hata kijiko.

Sasa ingiza matukio hayo mawili kwenye kalenda, uache mipangilio vile ilivyokuja. Kiooni utasoma: “Kumpeleka bibi kliniki ya…” Siku nne baadaye: “Kumpeleka bibi kliniki ya…” Moduli hukata kichwa cha tukio kikizidi herufi 25, nafasi zikihesabiwa. Kikomo hicho kinaonekana kidogo mpaka ukitazame kisarufi. Kiingereza hutanguliza macho, kliniki ikafuata. Kiswahili hutanguliza kliniki, kisha ndipo kinasema ya nini. Ukikata mkia wa kirai cha Kiingereza, mara nyingi kinachobaki bado kinaeleweka. Ukikata wa Kiswahili, umekata jibu lenyewe. Dawa yake ni mstari mmoja katika faili: ongeza kikomo, au ruhusu maneno yashuke mstari wa pili. Lakini aliyeweka 25 alikuwa na lugha fulani masikioni. Kioo hicho hicho kina moduli ya kumsifu anayejitazama, na sifa zile hazikatwi.

Kosa la pili ni la saa. Faili za kalenda husafiri katika muundo uitwao iCalendar, na mara nyingi saa zake huandikwa kwa saa ya dunia, UTC, kisha kifaa huzigeuza kuwa za mahali kilipo. Raspberry Pi asili yake ni Uingereza, na mfumo wake usipoelekezwa vingine hujiona uko London. Hapo kliniki ya saa mbili asubuhi husomeka 06:00 mwezi Juni na 05:00 mwezi Desemba, kwa sababu Waingereza husogeza saa zao kwa majira na sisi hatusogezi. Kosa linalobadilika hivyo ni gumu kulikamata, hasa kwa kuwa saa ya kioo nayo iko London. Kioo kinapatana na nafsi yake, hakipatani na nyumba.

Ukienda kwenye mipangilio utachagua Africa/Dar_es_Salaam, jina ambalo katika hifadhidata ya kanda za saa siku hizi ni lakabu tu ya Africa/Nairobi. Na hata baada ya hapo, 08:00 itabidi igeuzwe kichwani iwe saa mbili. Kazi hiyo tumeizoea mpaka hatuihesabu tena kuwa kazi.

Kuna hali moja wengi huilalamikia na mimi naisifu. Umeme ukikatika na kurudi kabla intaneti haijarudi, kalenda hubaki na neno moja tu la kuonyesha kwamba bado inapakia. Saa iliyo juu yake haina unyenyekevu huo. Raspberry Pi zilizotangulia toleo la 5 hazina saa ya ndani inayotembea bila umeme, kwa hiyo kifaa huendelea na wakati wa mwisho kilioukumbuka, kikausema kwa uhakika uleule. Kati ya hizo mbili, mimi naiamini zaidi ile inayokiri kwamba haijapata habari.

Kukiri huko kunakosekana kwingine. Faili la mfano huja na sikukuu za Marekani. Ukizitoa na kuweka za Tanzania, utaona Idi imepangiwa tarehe miezi kadhaa mbele. Mstari wake unafanana kabisa na wa Sabasaba. Sabasaba haihami Julai 7. Idi inangoja mwezi uandame na BAKWATA itangaze, na kila mpishi wa pilau anajua maana ya kungoja huko. Moduli hii hufifisha mistari ya chini, ya siku zilizo mbali, mpaka inamezwa na weusi wa kioo. Inajua kuonyesha umbali, ila haijui kuonyesha shaka.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kila nilichokitaja kinarekebishika bila kumwomba mtu ruhusa, kwa kuwa msimbo uko wazi. Kalenda ya ukutani iliyochapwa ikikosea haina faili la kufungua. Hata hivyo, uhuru wa kurekebisha humfaa anayejua kwamba kuna kosa. Bibi husomewa kioo na yeyote anayepita ukumbini, na anayepita husoma kama anavyosoma sura yake mwenyewe, bila kuuliza nani kaiandika. Kwa hiyo kipimo changu cha kalenda nzuri ni kimoja: ikikata, ionyeshe ilichokata, isipojua, iseme haijui. Vitukio vitatu baada ya “ya” havimwambii mtu kama uji uwekwe jikoni au la.